Jibu: Paulo aliutoa wapi "mwamba uliowafuata"?

Ndugu yangu, umeuliza swali zuri sana: 1 Wakorintho 10:4 inasema mwamba uliwafuata Waisraeli jangwani, na Kutoka haisemi hivyo popote. Msome James Kugel, mtaalamu wa Biblia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard na baadaye Bar-Ilan kule Israeli. Kitabu chake cha 1997, The Bible As It Was, kimenifungua macho kuliko kingine chochote kuhusu jambo hili.

Tazama maandiko yenyewe. Mwamba unatoa maji Refidimu, mwanzoni mwa safari (Kutoka 17), kisha tena Kadeshi, karibu na mwisho wake (Hesabu 20). Pote panaitwa Meriba, kana kwamba ni mwamba uleule. Katikati walikunywa nini? Wafasiri wa Kiyahudi wa kale wakajibu kwamba chemchemi ilisafiri nao. Na kwa kuwa Hesabu 20 inataja kifo cha Miriamu, kisha mara moja kukosekana kwa maji, wakaiita kisima cha Miriamu. Paulo alikulia ndani ya mapokeo hayo. Kilicho chake ni kusema mwamba ule ulikuwa Kristo.

Kugel anaonyesha kwamba wafasiri hao, Wayahudi kwa Wakristo, waliamini Maandiko yana maana iliyofichika, yanawahusu wasomaji wa leo, hayajipingi, na yametoka kwa Mungu. Hilo la kutojipinga ndilo lililozaa kisima hiki.

Ukimaliza hapo, fungua 2 Timotheo 3:8. Majina Yane na Yambre, wale waganga wa Farao waliompinga Musa, hayamo katika Kutoka 7, nayo yalitoka kwenye mapokeo ya namna hiyohiyo.