Usifute hiyo folda kwanza! Kusawazisha si bakapu

Kaka wa Malindi, acha. Chochote unachofanya sasa hivi, acha. Salamu utanisamehe, nitakusalimia baadaye.

Umeandika kwamba una studio ya picha, laptopu imejaa, na unauliza ununue kifurushi cha wingu (hifadhi ya mtandaoni) cha GB 100 au cha TB 2, diski ya nje ya aina gani inadumu kwenye hewa ya chumvi, na bando gani lina nafuu. Halafu mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ukaongeza: "Usiku huu nafuta folda ya harusi zote, si ziko kwenye wingu tayari, bakapu ninayo." Nimesoma sentensi hiyo nikasikia tumbo likinikata.

Bakapu huna. Unachofanya ni kusawazisha. Wengine husema "kusinki", na yangu mimi kweli yaliishia kwenye sinki, yakateremka na maji.

Programu uliyoieleza, ile ambayo ukiweka kitu kwenye laptopu kinaonekana na kwenye simu, kazi yake ni moja: pande zote zifanane. Ukiongeza huku, kule kunaongezeka. Ukiharibu huku, kule kunaharibika. Ukifuta huku, kule kunafutika, na haikuulizi kama una akili timamu au una usingizi. Ni kama hori, kimtumbwi kidogo, lililofungwa nyuma ya dau. Dau likenda Manda, hori nalo Manda. Dau likigonga mwamba, usitegemee hori litarudi nyumbani peke yake kutoa habari.

Bakapu ni kiumbe kingine. Huyo huchukua nakala akaiweka kando, na wewe ukivuruga chako leo, yeye bado ameshika cha jana, cha juzi, cha mwezi uliopita. Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: nakala ambayo kidole chako kinaweza kuifuta ukiwa umekaa kwenye laptopu yako si bakapu.

Sasa sikiliza nilivyoinunua kanuni hiyo.

Mimi hupiga video za harusi hapa Lamu, upande wa wanawake. Kwenye kupamba haingii mpiga picha mwanamume, na bibi harusi hataki uso wake uzagae kwenye simu za watu, kwa hiyo kazi ninayo. Laptopu nilinunua Mombasa kwa fundi mmoja ambaye simtaji. Si kwa heshima, ni kwa sababu mume wangu amenikataza. Akaniwekea programu ya kusawazisha, akapiga meza kwa kiganja: "Hapo dada, bakapu tayari. Hata ikuponyoke baharini ukipanda boti pale Mokowe, mali yako iko salama." Na kuhusu bahari alisema kweli! Ingeanguka baharini ningekuwa na raha zangu leo. Mimi sikuiangusha. Mimi nilifuta.

Bibi yangu, mama yake mama, aliwahi kuniuliza video zote hizo zinakaa wapi. Nikamwambia mawinguni. Akacheka: "Mawinguni hukaa mvua, mjukuu wangu, na mvua haikai." Nikamwona mshamba. Bibi ndiye aliyekuwa akiongoza vugo, ngoma ya wanawake ya kupiga pembe, kwenye harusi za mtaani kwetu, pembe mkononi, na sauti ambayo ukiisikia huulizi ni ya nani. Mwaka ule nilimrekodi kwenye harusi moja, karibu dakika arubaini, bila kukatika. Kisha akatutoka.

Diski ya laptopu ilikuwa ya GB 256. Harusi moja kwa kamera mbili ilikuwa inanilia kama GB 60. Hesabu mwenyewe. Ikafika siku za Maulidi, mji umejaa wageni, kazi tele, laptopu ikagoma: nafasi hakuna. Nikachungulia wingu kwa simu, folda zote zipo. Nikarudi kwenye laptopu, nikachagua folda ya mwaka mzima, nikafuta. Kikatokea kijisanduku chenye maneno marefu ya Kiingereza. Nikabonyeza sawa. Sote hubonyeza sawa, usijifanye. Laptopu ikapumua, nami nikapumua, nikaendelea na kazi.

Siku 41 baadaye shangazi yake bibi harusi mmoja akapiga simu kutoka Muscat, anataka video ya kupamba ambayo nilikuwa bado sijamaliza kuihariri. Nikafungua wingu: hamna. Nikafungua tupio la wingu: hamna. Lilikuwa linajimwaga kila baada ya siku 30. Nikafungua simu: hamna, maana nayo ilishatii amri. Pande zote zilikuwa zimefanana kabisa, kama programu ilivyoahidi.

Na hapo bado nilikuwa na bahati moja. Sehemu hii ndiyo inayoniuma mpaka kesho.

Laptopu yangu ya zamani ilikuwa kabatini kwa kaka yangu kule Shela, imezimwa kwa miezi minne, na ndani yake folda ya harusi ile kama nilivyoiacha. Imezimwa! Hakuna aliyekuwa ameiambia kwamba mambo yamefutwa. Nikapanda boti mbio, nikaiweka mezani, nikaiwasha. Nikaona folda. Nikaona majina ya maharusi. Nikapiga kelele kama niliyefunga goli, wifi yangu akaja na kahawa, na Wi-Fi nayo ikaja, kwa kuwa mashine ilikuwa inaikumbuka. Siku ile niliponzwa na wote wawili. Wifi akanishughulisha kwa kahawa na tende, Wi-Fi ikaleta habari kutoka mawinguni kwamba mafaili haya hayatakiwi tena, na laptopu, mtiifu kuliko watoto wangu, ikaanza kuyaondoa moja moja. Nilipotupa jicho yalibaki matatu. Kabla sijaweka kikombe chini, hakuna.

Ningechomoa ruta ya kaka ukutani kabla ya kubonyeza kile kitufe, leo nisingekuwa nakuandikia kwa ukali hivi.

Kisha nikazidisha. Nikapakua programu za bure za kurejesha mafaili yaliyofutwa, tatu, nikaziweka kwenye diski ile ile. Faili likifutwa, hasa kwenye diski za zamani, data yake hubaki pale kwa muda mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mimi nilikuwa naandika juu yake kwa mikono yangu, tena kwa bidii. Mashine ilitakiwa izimwe pale pale na diski ipelekwe kwa mtu anayejua. Nikampigia fundi wa Mombasa. Unajua alisema nini? "Dada, si ulifuta mwenyewe?" Kweli, nilifuta mwenyewe. Lakini mtu akikuuzia koti la mvua ukamwita mwongo ulipozama baharini ni kosa lako. Akikuuzia koti la mvua akakuambia ni boya, hapo kosa ni la nani?

Pesa za watu nilirudisha. Sauti ya bibi sina pa kuirudisha.

Na msinicheke sana. GitLab, kampuni ya watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao, tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta hifadhidata akidhani yuko kwenye seva nyingine. Njia zao kadhaa za bakapu zikakutwa hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Wao walipoteza kazi ya saa 6, mimi ya mwaka.

Mkanganyiko huu nao una asili yake. Kuanzia 2017 mpaka 2021 programu ya Google ya kompyuta iliitwa Backup and Sync, mambo mawili kwenye jina moja, sasa fundi wa mtaani utamlaumu vipi? Nitamlaumu, lakini naelewa. Na wanaokuambia "tupio la Google Drive halifutiki kamwe" wanakumbuka zamani: tangu Oktoba 2020 linajifuta baada ya siku 30. OneDrive, wingu la Microsoft, kwa mtu binafsi ni siku 30. Dropbox ya bure ni siku 30. Mwezi mmoja hupita kabla hujagundua kitu, hasa kazi ikiwa nyingi. Na tusisahau virusi vinavyofunga mafaili ili ulipe fidia: vikifunga yaliyo kwenye laptopu, programu ya kusawazisha inaona "mabadiliko mapya" na kuyapandisha juu kwa uaminifu.

Kwa hiyo usiku huu fanya hivi. Usifute. Nunua diski ya nje, yoyote, nakili folda zote, fungua video tano sita uzitazame zicheze, kisha chomoa. Kuchomoa ndiyo bakapu yenyewe! Diski iliyochomekwa mwaka mzima kidole kinaifikia. Ukishindwa kabisa kwa nafasi, programu nyingi za kusawazisha zina chaguo la kuacha faili kwenye wingu pekee bila kulifuta. Bofya folda kwa kitufe cha kulia utaliona. Ila ujue hapo una nakala moja tu.

Kupandisha yote kwenye huduma ya bakapu ya kweli ni baadaye, na si kazi ya usiku mmoja: GB 200 kwa mwendo wa kupandisha wa megabiti 5 kwa sekunde ni karibu saa 89. Ukifika huko, jaribu hivi: weka picha ya mbuzi, subiri ipande, ifute kwenye laptopu, kisha kesho yake jaribu kuirudisha. Mbuzi akirudi, lipa. Uliza pia wanashikilia vilivyofutwa kwa muda gani. Na kama una video za wanawake kama zangu, zifungwe kwa ufunguo wako mwenyewe, yaani nenosiri unalolijua wewe tu, kabla hazijatoka nyumbani, na ufunguo uuandike mahali, ukiupoteza hata wao hawatakufungulia.

Kuna mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyeisambaza hesabu ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Hapa kwetu nyumba zimebanana, paa la makuti likishika moto la jirani halichelewi, kwa hiyo "mbali" yangu ni Mokowe, ng'ambo bara, kwa mama mdogo, ndani ya kopo la biskuti. Haulizi ndani mna nini. Kila mwisho wa mwezi nabadilisha diski na yeye anapata halua.

Cha bibi nilichobakiwa nacho ni sekunde 30. Niliziweka kwenye stetasi ya WhatsApp usiku wa harusi, na binamu yangu wa Muscat akazihifadhi kwenye simu yake, bila kuniambia. Picha imefifia, pembe zinasikika kuliko sauti, na katikati kuna mtu anauliza viatu vyake viko wapi. Kidole changu hakikuweza kuzifikia.

Kaka, nakuona uko mtandaoni. Umeshafuta au bado?