Bakapu ya kompyuta ya nyumbani: nilipie programu ama?

SWALI: Fundi habari, niko Kondele hapa Kisumu. Tuko na kompyuta moja ya Windows kwa nyumba, watoto wanafanyia homuweki, mama watoto anawekea mahesabu ya duka, na picha zote za harusi ziko humo. Juzi ile mvua ya jioni ilikuja na radi, stima ikapotea, iliporudi mashine ikakataa kuwaka karibu masaa mawili. Mwishowe iliwaka, lakini presha ilinipanda. Kijana wa saiba anasema ataniwekea programu ya bakapu iliyokrakiwa, mia tano tu. Nikubali, ama Google Drive inatosha?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hiyo mia tano wanunulie watoto samaki. Vitu vya kukraki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, ndio mlango virusi hupenda kupitia, hata vile vya kufunga mafaili yako halafu vinakudai pesa.

Google Drive ya bure ni GB 15 na hapo hapo Gmail inakula, picha za harusi zitajaa mapema. Halafu folda ikishasinki, yaani ya kompyuta na ya mtandaoni zikishalingana, mtoto akifuta kitu huku, na kule kinafutika, kinakaa kwa takataka siku 30 basi.

Kwako naona uanze na File History, iko ndani ya Windows tayari, hulipi kitu, unachomeka diski ya nje, unaiwasha File History kwa Control Panel na kila saa diski ikiwa imechomekwa inakopi kilichobadilika kwa Documents, Pictures na Desktop, tena inaweka matoleo ya zamani, so mahesabu yaliyokopiwa Jumapili yakiharibiwa Alhamisi unarudisha yale ya Jumapili. Shida ni moja, mama watoto akiwa anaweka yake kwa diski D ya kompyuta haitayaona, mwambie ahamishie Documents.

Lakini Windows yenyewe ikiharibika, File History haiwezi kuirudisha. Hapo tafuta Veeam Agent ya bure, inakopi mashine nzima, na ikikuambia utengeneze fleshi ya kuwashia usiruke (mimi niliruka, tuachane na hayo).

Na radi ya huko kwenu, wacha tu! Diski iliyochomekwa inaweza kuungua pamoja na kompyuta, kwa hivyo chomeka Jumapili, ikimaliza chomoa weka kabatini. Wiki ya kwanza futa picha moja ya majaribio uone kama unaweza kuirudisha.

Ukienda kununua diski, ile fleshi ya terabaiti mbili ya bei ya soda achana nayo, inadanganya saizi.