Kabla hujalipa minervali (ada ya masomo) ya seminari Lubumbashi

Kuna seminari za dhehebu moja, na kuna zile za kujitegemea zinazopokea wanafunzi wa makanisa yote. Hizi za pili zina uzuri wake: Mmethodisti, Mpentekoste na Mbaptisti wanakaa benchi moja, na kila mtu analazimika kufungua andiko badala ya kusema "kwetu tunafanya hivi". Ila kwa kuwa hakuna kanisa nyuma ya shule, maswali mawili yanakubakia wewe: serikali ya Kongo itaitambua diploma? Na kanisa lako litaipokea?

Ofisi ya usajili itakuonyesha karatasi yenye mihuri. Isome yote. Ikiwa imetoka Wizara ya Sheria, hiyo ni personnalité juridique: inashuhudia kwamba shirika lisilo la faida lipo kihalali, kwa sheria namba 004/2001, wala haigusi diploma hata kidogo. Unachotafuta ni arrêté, yaani amri rasmi, ya Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu (ESU). Nakili namba na tarehe yake, kisha tazama kama inataja teolojia na ngazi unayotaka, kwa sababu ruhusa ya lisansi (shahada ya kwanza) si ruhusa ya metrise (shahada ya pili). Anayetaka kuhubiri tu anaweza kutosheka na cheti cha shule. Anayetaka kuendelea na masomo chuo kikuu atakwama, naye atajua baada ya kulipa miaka mitatu.

Kwa upande wa kanisa, omba barua yenye muhuri kabla ya kuanza, inayosema kwamba diploma ya shule hiyo inakubaliwa kwa kuwekewa mikono. Seminari inafundisha, lakini kumweka mchungaji ni kazi ya kanisa. Ahadi ya mdomo inaisha pasta akihamishwa.

Pesa: usiulize minervali peke yake. Uliza pia usajili, mitihani, kazi ya mwisho na toge, yaani joho la kuhitimu. Tunza kila risiti mpaka diploma iwe mkononi. Katika mfumo wa LMD (lisansi, metrise, doktora) lisansi ni krediti 180, yaani 60 kwa mwaka. Basi dai karatasi ya pointi zako kila mwaka, usingoje mwisho. Makatibu hubadilika, na madaftari ya pointi hupotea.

Sasa lugha, maana hapo ndipo wengi huanguka. Masomo ni ya Kifaransa, halafu juu yake unawekewa Kigiriki na Kiebrania. Kosa kubwa ni kukiachia Kigiriki Jumamosi, saa tatu mfululizo. Dakika 30 kila siku zinashinda. Maneno kama 320 hivi yanajirudia mara 50 au zaidi katika Agano Jipya, nayo yanabeba karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Shika matano kwa siku, siku sita kwa juma, na majuma 11 yatakutosha. Yaandike kwenye vikaratasi kwa mkono, maana simu itazimika umeme ukikatika siku mbili.

Kwenye Kiebrania, tazama kona ya juu upande wa kulia: daleti ina kona kali, reshi imepinda. Ukizichanganya, neno zima linabadilika.

Na usiogope vitenzi vyake. Mwalimu anayefundisha kwa Kifaransa huhangaika sana kueleza hifili, umbo la kitenzi la kumfanya mwingine atende, wakati wewe umeinyonya na maziwa ya mama. Malak ni kutawala, himlik ni kutawaza. Soma, somesha; lala, laza; ni kazi ileile. Nifali, umbo jingine la kitenzi, mara nyingi hufanana na kutendwa kwetu. Tengeneza jedwali lenye safu tatu, Kiebrania, Kiswahili, Kifaransa, na ujaze Kiswahili kwanza. Hata upatanisho wa Kigiriki, sifa kufuata jina lake, hauwezi kumshangaza mtu anayesema kiti kizuri na mtu mzuri bila kufikiri.

Ila Kigiriki kina mtego mmoja. Mpangilio wa maneno haukuonyeshi mtendaji. Katika Yohana 1:1, katika kipande cha mwisho theos, "Mungu", limetangulia, lakini kinachozungumziwa ni logos, "Neno", kwa sababu ndilo lenye ho mbele yake, kineno kama le ya Kifaransa. Ndiyo maana Biblia yetu inasema "naye Neno alikuwa Mungu". Kabla ya kutafsiri mstari wowote, chora duara kuzunguka kila ho, kisha ndipo uguse kamusi.