Kabati kuukuu au kabati la zamani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu alituachia kabati la vitabu la mninga lenye milango ya vioo. Niliandika tangazo, "Nauza kabati kuukuu la vitabu." Mke wangu akacheka, akasema hata bure hakuna atakayelichukua. Niandikeje? Halafu seremala wetu hapa Makole, Dodoma, analiita rafu. Ni sawa?

Jibu: Marahaba. Mkeo kakuokolea fedha. *Kuukuu* haihesabu miaka, inatazama uchakavu. Shati la mwaka jana lililokwisha kola ni kuukuu. Kiti kilicholegea miguu ni kikuukuu. Kabati la babu, kama bawaba zimekaza na mbao hazijabunguliwa, si kuukuu hata likiwa na miaka 80. Mteja akilisoma neno hilo anaona mchwa tu.

*La zamani* ni salama, ila lina mtego. "Kabati langu la zamani" laweza kuwa ulilokuwa nalo kabla ya hili jipya, kama tunavyosema mume wa zamani (mfano huu usimsomee mkeo). *Kale* huenda mbali zaidi. Ndiyo maana msimulizi hufungua kwa "hapo zamani za kale", na michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, tunaiweka katika mambo ya kale. Kwa fanicha ya babu naliona zito kidogo. *Kongwe* mimi nawaachia wazee, miti, na Simba na Yanga.

Angalia pia *-a* unganifu. "Kabati la vitabu vya kale" linasifu vitabu, kabati laweza kuwa la jana. *La* na *vya* ndivyo vinavyoamua.

Sasa seremala. *Rafu* tuliipata kwa Waarabu, nayo ni ubao wa kuwekea vitu (ya mpirani ni nyingine, ya Kiingereza). *Kabati* limetoka kwa Waingereza, na masikioni mwetu limekuja na mlango wake. Mwagize mtu kabati uone atakavyonuna ukimletea mbao tupu. Mitindo imebadilika, mlango ukabaki kipimo. Mwaka 1666 Samuel Pepys, mwandishi wa shajara wa London, alimwagiza seremala makabati yake ya kwanza ya vitabu yenye vioo. Baadaye yaliongezeka hadi 12, na hadi leo yamo Chuo cha Magdalene, Cambridge. Kisha Wamarekani wa kampuni ya Globe-Wernicke wakauza masanduku ya kupandanisha, kila moja na kioo chake cha kuinua na kusukuma ndani. Yote hayo kwetu ni makabati. Siku hizi wengi wanaagiza mbao wazi ukutani, na huenda fundi wako kazoea hizo. Lako lina milango: ni kabati, na rafu zimo ndani yake.

Andika hivi: "Linauzwa kabati la vitabu la zamani, mbao za mninga, rafu nne, milango miwili ya vioo, ufunguo upo." Idadi rekebisha mwenyewe. Na kama ufunguo ulipotea na babu, usiutaje.