Isome kwanza anwani ya IP, ndipo uguse waya

Mteja akinipigia kwamba neti imekata, namuuliza kwanza: mashine yako inaonyesha anwani gani ya IP, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao? Ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipachika yake. Kumlaumu mtoa huduma hapo ni kumwonea. Kagua waya, swichi na ruta. Ikiwa ni 192.168 ya kawaida na bado hakuna kitu, haya, tutazame nje.

Anwani hizi ni biti 32 (tarakimu za 0 au 1), zilizokatwa mafungu manne ya biti 8, ndiyo maana hakuna namba inayozidi 255. Vyuoni bado wanakaririsha madaraja ya anwani kwa namba yake ya kwanza: A ni 1 hadi 126, B 128 hadi 191, C 192 hadi 223, kisha D na E za kazi maalumu. Yakariri kwa ajili ya mtihani, lakini usiyapangie mtandao. Yaliachwa tangu 1993 kwa sababu ya ubadhirifu: mwenye mashine 300 hakutoshwa na C moja inayobeba 254, akapewa B yenye nafasi zaidi ya 65,000! Siku hizi tazama namba iliyo baada ya mkwaju (/). Katika 10.20.30.0/24, biti 24 ni za mtandao, 8 zinabaki kwa vifaa.

Sikuchagua mfano huo ovyo. Ukifunga kamera dukani usiache 192.168.1.0, maana ruta nyingi hutoka kiwandani nayo. Siku tajiri akitaka kuunganisha duka na nyumbani kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita kwenye intaneti, pande zote mbili zitakuwa na anwani zilezile na hapatapitika. Jichagulie kati ya anwani za ndani zinazoanza na 10. Ukipenda 172, ishia kati ya 172.16 na 172.31, 172.40 si ya ndani, ina wenyewe huko kwenye intaneti.

Halafu kuna hili la kutazama kamera kwa simu ukiwa mbali. Kabla hujahangaika kufungua milango (port) kwenye ruta ili simu iifikie kamera, angalia anwani ambayo ruta imeipata upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na milango yako haitafika popote. Omba anwani ya umma ya kudumu, au tumia kamera zinazopitia seva ya mtengenezaji. Bei ya anwani hiyo muulize mtoa huduma kabla hujamtajia mteja gharama ya kazi.