Kusoma hoja za mstari wa amri kwenye C: anza na argc, achana na atoi

Mkuu, umeuliza kwa nini programu yako inakufa ukiiita kwa jina lake tu, na kwa nini ukiipa 12abc inapokea 12 bila kulalamika. La pili ndilo zito zaidi.

Inakufa kwa sababu unagusa argv[1] kabla ya kutazama argc (argv ni orodha ya hoja ambayo main inapokea, argv[0] ikiwa jina la programu, na argc ni idadi yake). Bila hoja yoyote argv[1] ni NULL, yaani haielekezi popote, nawe unampa atoi, ile kazi ya C inayogeuza maandishi kuwa namba. Pima argc kwanza. Hata argv[0] usiiamini moja kwa moja, maana anayeita execve (wito wa mfumo unaoanzisha programu) anaweza kupeleka orodha tupu. Ndivyo pkexec, programu ya Linux ya kuendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, ilivyovunjwa, udhaifu CVE-2021-4034 uliotangazwa Januari 2022: kodi ilianza kuhesabu kutoka 1 ilhali argc ilikuwa 0, ikavuka mwisho wa argv hadi kwenye vigeu vya mazingira, na mtumiaji wa kawaida akaweza kupata mamlaka ya root. Kernel ya Linux tangu 5.18 imeziba mwanya huo, lakini C haiendeshwi kwenye Linux mpya peke yake.

Sasa namba. Kwa atoi, "abc" ni 0 na "0" ni 0, huna namna ya kuzitofautisha. Namba isipoenea kwenye int, kiwango cha C hakiahidi chochote. Mimi siikubali kabisa kwenye kodi ninayokagua. Andika hivi:

char *mwisho;
errno = 0;
long n = strtol(argv[1], &mwisho, 10);
if (mwisho == argv[1] || *mwisho != '\0' || errno == ERANGE || n < 1 || n > 1000)
    kataa(argv[1]);

kataa ni kazi unayoiandika mwenyewe, itoe ujumbe wa kosa na kusimamisha programu. Kila sharti lina kazi yake. La kwanza linakamata neno lisilo na tarakimu, la pili linakamata ile 12abc yako. errno ni kigeu kinachoonyesha kosa, na ERANGE maana yake namba haikuenea kwenye long; unaisafisha mwenyewe kwa sababu strtol haiirudishi 0. Kwenye nafasi ya mwisho ya strtol weka 10, yaani namba za kawaida za msingi wa kumi, usiweke 0, la sivyo 010 itasomwa kuwa 8. Mipaka ipime n ikiwa bado long, kabla hujaitia kwenye int. Na usikimbilie strtoul ukidhani itakataa namba hasi: ukiipa "-1" inakurudishia ULONG_MAX, kimya kimya.

Ukifika kwenye vitu kama -n na -o, tumia getopt, kazi iliyo tayari ya kusoma machaguo moja baada ya jingine na kurudisha -1 yakiisha, usijitungie yako. Jibu lake liweke kwenye int. Niliwahi kupokea programu iliyokwenda vizuri kwenye laptopu zote, lakini kwenye kifaa kidogo cha ARM ilizunguka bila kikomo. Mwandishi alikuwa ameandika char c = getopt(...). Kwenye Linux ya ARM, char kwa kawaida haina alama ya hasi, kwa hiyo -1 ya kumaliza ikageuka 255 na kitanzi hakikuisha. Anza pia orodha ya herufi za machaguo unayoipa getopt na nukta mbili, ":n:o:", upate kutofautisha chaguo lisilojulikana na chaguo lililokosa thamani yake.

Maandishi: usiandike printf(argv[1]), andika printf("%s", argv[1]). strcpy kwenda kwenye bafa ya ukubwa maalumu, hapana. Tumia snprintf na ukague ilichorudisha, kikifikia ukubwa wa bafa basi maandishi yamekatwa. Nywila usiipokee kama hoja hata kidogo, kwa kuwa kwenye mashine nyingi yeyote mwenye akaunti anaiona kwa ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa.

Kompaili na -Wall -Wextra -Wformat-security -fsanitize=address, kisha ijaribu kwa "", "-1", " 7", "7 " na 99999999999999999999. Hiyo " 7" itapita, strtol huruka nafasi za mwanzo. Kama huitaki, kagua herufi ya kwanza mwenyewe.