Jibu: Kuchangia Battle for Wesnoth bila kujua C++

Ndugu, umeuliza kama mtu asiyejua lugha ya programu ya C++, mwenye kompyuta ya zamani ya Linux, anaweza kuchangia mchezo wa kompyuta wa Battle for Wesnoth. Anaweza kabisa, nami ningekushauri uanze na tafsiri.

Mchezo huu, ulioanzishwa na David White mwaka 2003 na kutolewa kwa leseni huria ya GPL, hutunza maneno yake katika mafaili ya gettext (mfumo wa kutafsiri programu) yaliyomo kwenye folda iitwayo po. Hazina yake ya Git (mfumo wa kutunza msimbo na historia yake) ni kubwa, kwa hiyo tumia «git clone --depth 1» upate toleo la mwisho pekee bila historia yote, bando lako lisije likaisha njiani. Faili la tafsiri, lenye kiambishi .po, hufunguka kwa Poedit (programu ya kutafsiria) au kihariri chochote cha maandishi.

Kuwa makini na maneno kama «female^Mage» (Mage ni mhusika atumiaye nguvu za kichawi), kwa sababu sehemu iliyo kabla ya alama ya ^ humweleza mfasiri tu kwamba mhusika ni mwanamke, na haipaswi kuonekana katika tafsiri. Kiswahili hakitenganishi jinsia hapo, hivyo neno moja litatosha kwa wote wawili; mimi ningechagua «mganga», maana «mchawi» kwetu humchafulia mtu jina. Vigezo vinavyoanza na $, yaani majina ambayo mchezo wenyewe huyabadilisha kwa thamani, viache vilivyo.

Ukimaliza, endesha amri ya gettext «msgfmt -c» kwa faili lako ikuonyeshe mstari wenye kosa, kisha wasiliana na wasimamizi wa tafsiri kabla ya kutuma kazi yako.